Mays alikataa udogo wa chuo uwe kisingizio cha elimu duni

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, wazazi na watoto wao huketi kuulizana swali lile lile: chuo kipi ni bora? Aghalabu jibu hutolewa na macho. Tukiona majengo ya ghorofa, uwanja mpana na lango la fahari, twasadiki kwamba hapo ndipo penye elimu. Tukiona chuo kidogo cha kibinafsi chenye wanafunzi mia chache na maktaba isiyojaa vitabu, twapita njia. La kusikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya wenye vyuo hivyo nao wameikubali hukumu hiyo. Hujitetea kwamba fedha hazitoshi, kwamba wanafunzi wanaowapokea ni wale walioachwa na wengine, na kwa hiyo yatosha kuwafundisha kadiri iwezekanavyo, kisha kuwapa vyeti waende zao.

Wiki hii ningependa kuwasimulia walimu na wanafunzi habari za mtu aliyeikataa hoja hiyo maisha yake yote. Jina lake ni Benjamin Elijah Mays. Wengi wanaomtaja humtaja kama mlezi wa Martin Luther King, na hilo ni kweli. Lakini kabla ya kuwa mlezi wa mtu mmoja mashuhuri, Mays alikuwa mkuu wa chuo kimoja kidogo, maskini na kilichokuwa kikififia, na kwa muda wa miaka 27 alikigeuza kikawa miongoni mwa vyuo vya kuheshimiwa nchini Marekani. Aliyafanya hayo pasipo kukikuza kikawa kikubwa.

Yafaa kwanza tufahamishane kuhusu aina ya chuo tunayoizungumzia. Marekani ina vyuo vingi vidogo vya kibinafsi ambavyo havifanani sana na vyuo vikuu vyetu. Kazi yavyo kubwa ni kufundisha shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa huko hafungiwi katika fani moja tangu siku ya kwanza, bali hupitishwa katika lugha, historia, falsafa, hisabati, sayansi na dini, kisha ndipo huchagua somo la kulizamia. Nguvu ya chuo cha namna hiyo ni mwalimu anayemjua mwanafunzi wake kwa jina na kuisoma insha yake neno kwa neno.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kuvijua vyuo hivyo. Ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa na Tom Mboya mnamo Septemba 1959 iliwabeba vijana 81, na wengi wa waliosafiri katika miaka hiyo walipokewa na vyuo vidogo ambavyo majina yavyo hayakujulikana huku. Marehemu Profesa Wangari Maathai alisomea biolojia katika chuo kidogo cha masista wa Kikatoliki, Mount St. Scholastica, mjini Atchison katika jimbo la Kansas, na akahitimu mwaka wa 1964. Hatuwezi basi kusema kwamba chuo kidogo hakina uwezo wa kutoa mtu mkubwa.

Mays alizaliwa tarehe 1 Agosti 1894 mashambani katika jimbo la South Carolina, kitindamimba wa watoto wanane. Wazazi wake, Hezekiah na Louvenia, walizaliwa utumwani. Baba alikuwa mkulima wa pamba katika shamba la kukodi, na kila msimu ulipokwisha alibaki na kidogo sana baada ya kulipa madeni. Kumbukumbu ya kwanza ya mtoto huyo haikuwa ya mchezo wala ya sikukuu. Ilikuwa ya mwaka wa 1898, alipokuwa na umri wa miaka minne, alipoona kundi la wazungu wenye bunduki, wakiwa juu ya farasi, wakimlazimisha baba yake avue kofia na kuinama mbele yao mara kwa mara. Ulikuwa wakati wa uchaguzi, na watu weusi katika eneo hilo walikuwa wakiuawa kwa sababu ya kutaka kupiga kura.

Shule ya watoto weusi katika sehemu hiyo ilifunguliwa kwa takriban miezi minne tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki ilikuwa ya jembe na ya kuchuma pamba. Dada yake mkubwa alimfundisha alfabeti na kuhesabu kabla hajaanza shule, na siku alipoingia darasani mwalimu akamsifu mbele ya wote. Sifa hiyo ilimwingia moyoni ikawa kama ahadi aliyojiwekea: asije akamwaibisha mwalimu aliyemtarajia makubwa. Walimu wanaosoma makala haya wanajua jinsi neno moja la kutia moyo linavyoweza kumfuata mtoto hadi uzeeni.

Baba yake hakuona haja ya elimu ndefu. Kwake yeye, kijana mweusi alikuwa na kazi mbili za halali, kulima au kuhubiri, na zote mbili hazikudai vitabu vingi. Mays alipoamua kwenda kuendelea na masomo mjini Orangeburg, baba yake alimtupia noti ya dola kumi kwa hasira, na kijana akaiokota akaenda zake. Huko alijilipia karo kwa kusafisha vyoo vya shimo usiku wakati wenzake wamelala. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 20 ndipo alipopata kwa mara ya kwanza kukaa shuleni mwaka mzima bila kuitwa shambani. Alimaliza masomo ya upili mwaka wa 1916, akiwa na umri wa karibu miaka 22, naye akawa wa kwanza katika darasa lake.

Baada ya mwaka mmoja katika chuo cha Virginia Union alijiuliza swali lililomkera kwa muda mrefu. Alikuwa amelelewa katika jamii iliyomwambia usiku na mchana kwamba akili ya mtu mweusi ni duni. Hakuamini, lakini alitaka kulijaribu jambo hilo mwenyewe. Aliandika kuomba nafasi kaskazini mwa nchi, na mwaka wa 1917 akapokewa katika chuo cha Bates, mjini Lewiston katika jimbo la Maine. Bates kilikuwa chuo kidogo cha kibinafsi, kilichoanzishwa katikati ya karne ya 19 na watu waliopinga utumwa, na tangu mwanzo hakikumfungia mtu mlango kwa sababu ya rangi yake wala kwa kuwa ni mwanamke.

Huko Bates hakupata upendeleo, wala hakuutaka. Wenzake wengi walitoka katika shule zenye vitabu na walimu wa kutosha, ilhali yeye alitoka katika shule za miezi minne. Ilimbidi asome mara mbili zaidi ya wengine ili awafikie. Akawafikia, na wengi akawapita. Alishinda tuzo ya ufasaha wa kuhutubia, akawa kiongozi wa timu ya mijadala, na mwaka wa 1920 akahitimu kwa heshima. Wakati wa likizo alifanya kazi ya kuhudumia abiria katika magari moshi ili apate karo. Kilichomkaa akilini kwa muda wote uliofuata ni kwamba walimu wa Bates walimdai kazi ile ile waliyowadai wengine, wakampima kwa kipimo kile kile, na katika kufanya hivyo wakamheshimu. Aliona kwamba kumdai mtu mweusi kazi hafifu kwa kumhurumia ni namna nyingine ya kumdharau.

Tuutie maanani ugunduzi huo, kwa kuwa ndio uliokuja kuongoza kazi yake yote. Kuanzia mwaka wa 1921 hadi 1924 alifundisha hisabati na masomo mengine katika chuo cha Morehouse, mjini Atlanta, alikoalikwa na mkuu wa chuo hicho, John Hope. Miongoni mwa vijana aliowafundisha alikuwamo Howard Thurman, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanatheolojia mashuhuri wa Marekani. Kisha Mays alifuata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Chicago, akaipata mwaka wa 1925. Shahada ya uzamifu hakuipata hadi mwaka wa 1935, akiwa na umri wa miaka arobaini, kwa kuwa katikati ilimlazimu kufanya kazi: kufundisha, kuhudumu katika mashirika ya kuwasaidia watu weusi mijini, na kufanya utafiti juu ya makanisa ya watu wake, uliotolewa kitabu mwaka wa 1933. Mwanafunzi anayekata tamaa kwa kuchelewa mwaka mmoja au miwili na ajifunze hapo.

Mwaka wa 1934 alipewa uongozi wa kitivo cha dini katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Alikikuta kikiwa na maktaba dhaifu na wanafunzi wachache. Kwa miaka sita alitafuta vitabu, alitafuta walimu, na akakipandisha hadi kikapata ithibati ya chama cha vyuo vya theolojia vya nchi hiyo. Katika kipindi hicho, mwishoni mwa 1936, alisafiri hadi India na kukutana na Mahatma Gandhi, wakazungumza kuhusu mapambano yasiyotumia mabavu. Mbegu hiyo aliibeba nyumbani, na tutaona ilikoangukia.

Mwaka wa 1940 bodi ya Morehouse ikamwita awe mkuu wa chuo. Marafiki wangeweza kumshauri akatae, nao wasingekosa sababu. Morehouse kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1867 katika kanisa moja mjini Augusta, miaka miwili tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa, kwa ajili ya kuwafundisha wanaume waliokuwa watumwa. Kilihamia Atlanta mwaka wa 1879. Chini ya John Hope kilipata sifa kubwa, lakini mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulikidhoofisha mno. Mwaka wa 1929 kilikuwa kimeungana kwa mkataba na chuo cha wanawake cha Spelman na Chuo Kikuu cha Atlanta, na katika shida za miaka iliyofuata usimamizi wa fedha zake ukaangukia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Atlanta. Mkuu wa Morehouse akawa kama baba mwenye nyumba asiyeshika ufunguo wa ghala. Walimu wenye shahada ya uzamifu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kati ya vyuo vitatu vilivyoungana, Morehouse ndicho kilichoonekana kiungo dhaifu.

Mays alianza na jambo ambalo wasomi wengi huliona la aibu, nalo ni karo. Aligundua kwamba wanafunzi wengi walikuwa na madeni ya muda mrefu, na kwamba chuo kilizoea kuyasamehe au kuyasahau. Alitangaza kwamba kila mtu atalipa. Aliwafuatia wadaiwa kwa ukali uliowafanya vijana wambandike jina la utani la Buck Benny, lililotokana na mchekeshaji wa redio aliyejulikana kwa ubahili. Jina hilo lilimfuata kwa miaka mingi. Hata hivyo hakuwaacha maskini wapambane peke yao. Chuo kiliwatafutia vijana kazi za msimu, na kila majira ya kiangazi wengi walipelekwa katika mashamba ya tumbaku ya jimbo la Connecticut ili warudi na karo. Martin Luther King mwenyewe alichuma tumbaku huko mnamo 1944 na tena 1947.

Kwa nini mtu wa dini na msomi wa kiwango hicho aanze na kukusanya madeni? Kwa sababu alijua kwamba senti inayosamehewa ovyo ni senti inayokatwa katika mshahara wa mwalimu na katika bei ya kitabu. Chuo kikubwa chenye hazina nono chaweza kuvumilia uzembe wa hesabu kwa miaka mingi kabla ya kuanguka. Chuo kidogo hakina anasa hiyo. Pamoja na kukusanya karo, alipigania kurejeshewa mamlaka ya kupanga fedha za chuo chake, na akazunguka nchi nzima akitafuta wafadhili ili kuikuza hazina ya wakfu, yaani zile fedha zinazowekezwa ili faida yake iendeshe chuo mwaka baada ya mwaka.

Kitu cha pili kilikuwa walimu. Hapa ndipo fedha zilipokwenda. Mays aliongeza mishahara kadiri alivyoweza, akawahimiza walimu vijana waende kumalizia shahada za juu, na akatafuta misaada ya kuwagharamia. Alipostaafu mwaka wa 1967, zaidi ya nusu ya walimu wa Morehouse walikuwa na shahada ya uzamifu. Lakini hakudhani kwamba shahada peke yake humfanya mtu awe mwalimu. Aliwathamini watu kama Walter Chivers, aliyewafundisha vijana sosholojia kwa kuwaonyesha jinsi ubaguzi unavyoshikamana na fedha, na George Kelsey, aliyewafundisha kwamba dini isiyogusa maisha ya watu ni maneno matupu. Majina hayo hayajulikani sana, ila yanajulikana na waliokaa mbele ya ubao wao.

La tatu lilikuwa wanafunzi, na hapa ndipo mtihani mkali ulipokuja. Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliitwa jeshini na madarasa ya chuo cha wanaume yakabaki matupu. Mwenyekiti wa bodi alipendekeza chuo kifungwe hadi vita viishe. Mays alikataa katakata. Alijua kwamba chuo maskini kikifungwa kwa mwaka mmoja, walimu hutawanyika, wafadhili husahau, na siku ya kukifungua tena huenda isifike kamwe. Badala ya kufunga mlango aliufungua zaidi. Alikubali kuwapokea wavulana wenye vipawa kabla hawajamaliza mwaka wa mwisho wa shule ya upili, mradi wafaulu mtihani wa kuingilia.

Mmoja wa walioingia kwa mlango huo mwaka wa 1944 alikuwa Martin Luther King, mwenye umri wa miaka 15. Tusidhani kwamba aliingia akiwa nyota. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba uwezo wake wa kusoma wakati huo ulikuwa wa darasa la nane, kwa kuwa shule za watu weusi za Kusini zilikuwa zimemnyima mengi. Chuo kingeweza kufanya mojawapo ya makosa mawili: kumfukuza kwa kuwa hakuiva, au kumshushia kipimo ili apite. Morehouse hakikufanya lolote kati ya hayo. Kilimpokea alivyo, kikamdai zaidi ya alivyozoea, na walimu wakamshika mkono mpaka akafika. Alihitimu mwaka wa 1948 katika sosholojia. Mpango huo wa kuwapokea wadogo uliendelea katika miaka ya 1950 kwa msaada wa Wakfu wa Ford. Kwa njia hiyo aliingia Maynard Jackson, ambaye mwaka wa 1973 alichaguliwa kuwa meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, na Walter Massey, mwanafizikia ambaye mwaka wa 1995 alirudi kuwa mkuu wa chuo hicho hicho.

La nne halikuandikwa katika bajeti. Kila Jumanne asubuhi Mays alisimama mbele ya wanafunzi wote katika ukumbi wa ibada na kuzungumza nao. Hakuwahubiria kwa kelele. Aliwaeleza habari za dunia, aliwaambia kuhusu India na Gandhi, aliwaonya dhidi ya uvivu, na aliwasihi wasikubali kamwe kuibariki sheria ya ubaguzi kwa hiari yao, kwa kwenda kuketi kwenye kiti cha nyuma cha jumba la sinema eti kwa ajili ya burudani. Katika jiji ambalo kila kibao kiliwaambia vijana hao kwamba wao ni nusu watu, palikuwa na saa moja kwa juma ambapo waliambiwa kwamba wanadaiwa makubwa. King alikuwa na mazoea ya kumfuata mkuu wa chuo baada ya hotuba ili kumuuliza maswali na kubishana naye. Urafiki wao ulianzia hapo, kwa sababu chuo kilikuwa kidogo kiasi cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuweza kumsimamisha mkuu wake njiani.

Mays hakufikiri kwamba chuo kidogo kinaweza kujiokoa peke yake. Mwaka wa 1944, Frederick Patterson wa chuo cha Tuskegee alipowaunganisha wakuu wa vyuo vya kibinafsi vya watu weusi ili wachangishe fedha kwa pamoja badala ya kugombania wafadhili wale wale, Mays alikuwa mstari wa mbele. Vyuo 27 vilianzisha mfuko huo, na baadaye Mays aliuongoza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Aidha alimpata rafiki mkubwa wa chuo katika Charles Merrill, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa bodi, ambaye aligharamia safari za wanafunzi kwenda kusoma Ulaya, ili kijana aliyekulia katika vibao vya ubaguzi apate kuona kwamba dunia haikuumbwa hivyo kila mahali.

Matunda yalichelewa, kama ilivyo desturi ya matunda ya elimu. Mwaka wa 1957 chama kinachokagua vyuo vya majimbo ya Kusini, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimeviweka kando vyuo vya watu weusi, kilikipa Morehouse ithibati kamili. Mwaka wa 1968 chuo kilipata tawi la Phi Beta Kappa, jumuiya kongwe ya wasomi wa Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1776, ambayo haiingii katika chuo kabla ya kuchunguza maktaba yake, walimu wake na masomo yake. Miongoni mwa vyuo vya watu weusi, ni Fisk na Howard tu vilivyokuwa vimetangulia. Na wakati Mays anaondoka, chuo chote kilikuwa na wanafunzi takriban 1,000 tu. Hakikuacha kuwa kidogo. Kiliacha kuwa duni.

Isidhaniwe kwamba mtu huyu hakuwa na dosari. Ukali wake kuhusu karo uliwaumiza baadhi ya vijana, na wapo ambao masomo yao yalikatizwa kwa kukosa fedha. Alishikilia mambo mengi mikononi mwake, kama wafanyavyo wakuu wengi wanaokaa muda mrefu. Tena, ushindi wa vita alivyovipigania ulileta tatizo jipya: milango ya vyuo vikuu vya wazungu ilipofunguliwa katika miaka ya 1960, vyuo hivyo vyenye mishahara minono vilianza kuwavuta walimu bora na wanafunzi bora ambao zamani wasingekuwa na pengine pa kwenda. Hata hivyo, wanafunzi wa Atlanta walipoanza migomo ya kuketi katika mikahawa ya wabaguzi mwaka wa 1960, Mays aliwaunga mkono. Alikuwa amewafundisha kwa miaka 20 wasiinamishe vichwa. Asingeweza kuwakana siku walipoviinua.

Tarehe 9 Aprili 1968, mzee huyo aliyekuwa amestaafu alisimama katika uwanja wa Morehouse na kutoa hotuba ya mazishi ya mwanafunzi wake aliyeuawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 39. Walikuwa wamekubaliana kwamba atakayetangulia kufa atazikwa kwa maneno ya mwenzake, na kwa desturi ya maumbile ilitazamiwa kwamba kijana ndiye atakayemhutubia mzee. Mwaka uliofuata Mays, akiwa na umri wa miaka 75, alichaguliwa katika bodi ya elimu ya Atlanta, na tangu 1970 akawa mwenyekiti wake wa kwanza mweusi, kazi aliyoifanya hadi 1981. Aliaga dunia tarehe 28 Machi 1984. Kaburi lake limo katika viwanja vya chuo alichokijenga.

Turudi sasa nyumbani. Chuo kikuu cha kwanza cha kibinafsi kupewa hati ya serikali nchini Kenya kilikuwa Baraton, mwaka wa 1991, na tangu hapo vingine vingi vimefuata. Kuanzia 2016 serikali ilikuwa ikiwapeleka baadhi ya wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vya kibinafsi, lakini mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka wa 2023 uliviondolea vyuo hivyo tegemeo hilo kwa wanafunzi wapya. Vyuo vidogo ndivyo vilivyotikisika zaidi. Katika hali kama hiyo kishawishi huwa kikubwa: kupunguza walimu wa kudumu na kuajiri wa kulipwa kwa saa, kuongeza kozi zinazouzika haraka, na kulegeza mtihani ili mteja asiondoke.

Maisha ya Mays yanatuonya kwamba njia hiyo ni ya mteremko. Yeye alikuwa na fedha kidogo kuliko vyuo vingi vya hapa petu, na alikuwa na serikali ya jimbo iliyomwona adui. Hata hivyo alizikusanya senti zake, akazitia kwa walimu kabla ya kuzitia ukutani, akampokea mwanafunzi aliyepungukiwa bila kupunguza kipimo, na akahakikisha kwamba hakuna kijana aliyepita chuoni mwake pasipo kujulikana. Mambo hayo manne hayahitaji ghorofa. Yanahitaji mkuu wa chuo anayejua wanafunzi wake wamekula nini, na mwalimu anayerudisha insha ikiwa na wino mwekundu na neno la kumtia mwenyewe moyo.

Kwa wanafunzi ninyi mnaosoma katika vyuo visivyo na jina kubwa, nawaomba msione haya. Ulizeni kama walimu wenu wanawadai vya kutosha, na kama hawawadai, wadaini ninyi. Na kwa walimu wenzangu, tukumbuke kwamba kijana wa miaka 15 aliyesoma kwa kiwango cha darasa la nane alikaa katika dawati la chuo kidogo, na mbele yake palikuwa na mtu aliyeamini kwamba anaweza zaidi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.